Mawe ya Mwanza katika Ukuta wa Ogembo

Mimi ni mchora vibao. Kazi yangu pale Mwanza ilikuwa kuandika majina ya maduka, kuchora ng'ombe kwenye mabucha na vichwa vya watu kwenye vibanda vya vinyozi, na kwa muda mrefu niliamini kwamba kutoka Mwanza hadi Nairobi hakuna wa kunishinda kwa kichwa cha ng'ombe. Kwa hiyo dada yangu aliponiletea salamu kupitia kwa mtu kwamba niende Kisii nikaone ukuta alioupaka, nilicheka peke yangu kibandani. Dada yangu kuchora! Tulipokuwa wadogo alikuwa akichora kuku anampa miguu minne. Lakini nilikuwa sijamwona miaka mingi, na tangu baba yetu afariki nilikuwa nimebaki mwanamume peke yangu katika nyumba yetu, nikajiambia haya, twende tukamwone huyo kuku.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, kabla mpaka haujafungwa, wakati mtu wa Mwanza aliweza kwenda Kisii bila kuulizwa maswali mengi.

Dada aliolewa mbali hivyo kwa sababu ya ghala la pamba. Shemeji yangu, Mkisii wa Ogembo, alikuja Mwanza akiwa kijana, akapata kazi ya ukarani katika ghala hilo, akamwona dada, na mambo yakaiva upesi kuliko pamba. Siku ya kuletwa mahari baba yetu alichinja mbuzi, akavaa koti lake la kanisani tangu asubuhi, akakaa barazani kumngoja mkwe mwenzake. Mkwe hakuja. Alimtuma mdogo wake na salamu. Mbele ya wageni baba alicheka nao, akala nao. Walipoondoka alivua koti, akalikunja polepole, akasema yule mzee ametuona sisi si watu. Baadaye shemeji alirudi kwao na mkewe, akaajiriwa kwenye kituo cha kununulia majani ya chai. Baba akafa bila kumtia machoni yule mkwe mwenzake. Dada yangu alikwenda Ogembo na neno lile rohoni, na miaka yote aliyokaa huko, akilima, akizaa, akichuma chai, lilimkera hilo moja tu: baba mkwe wake hakufika kwao.

Nilishuka Kisii mjini asubuhi, na shemeji alikuwa ameagiza nimngoje hadi atoke kazini. Watu wengine wakifika nchi ya wenyewe hukimbilia sokoni. Mimi hutazama kuta. Nikauzunguka mji ule wa vilima, naupanda na kuushuka, shingo imenigeukia pembeni nusura nigongwe na mkokoteni wa ndizi. Bucha la kwanza lilikuwa na ng'ombe mwenye kope ndefu kama bibi harusi. Hoteli ya jirani ilichorwa kikombe cha chai, na mvuke wake umepanda ukutani hadi darini, mnene kama kamba ya kufungia mbuzi. Kwa fundi cherehani palisimama bwana mwenye suti nzuri sana ila hana shingo. Nilicheka, kweli, lakini nilipomaliza kucheka nikabaki nimesimama. Jamaa wale walikuwa hawaogopi rangi. Walipaka kijani juu ya waridi na waridi juu ya manjano, rangi ambazo Mwanza ningezikalisha mbalimbali kama wagomvi, na pale ukutani zilikuwa zinaelewana.

Kulikuwa na duka la sanamu za mawe, zimepangwa rafu kwa rafu: viboko, ndovu, vikombe, bakuli, zote za jiwe laini linalochimbwa mahali paitwapo Tabaka, ambalo hukatwa kwa panga kama muhogo. Mwenye duka aliniruhusu nishike. Nikashika kila kitu mpaka akajuta kuniruhusu. Kisha nikapanda kilima cha Nyanchwa kuona kanisa la Wasabato, nikitumaini nitakuta malaika wawili watatu ukutani. Hakuna hata nzi. Kuta nyeupe, safi, kimya. Mlinzi alinieleza kwa upole kwamba Mungu hahitaji kuchorwa. Nikamwambia ni kweli, ila mchoraji anahitaji kula, akanitazama kwa huruma, nikateremka.

Jioni shemeji akanichukua hadi Ogembo, na kutoka hapo tukatembea. Njiani ndipo nilipoona kwamba mjini sikuwa nimeona kitu. Kila nyumba ya udongo tuliyoipita ilikuwa imepakwa: chini mkanda mweusi, juu mweupe, katikati pembetatu au mawimbi au madoa, na hakuna nyumba mbili zilizofanana. Shemeji alisema ni kazi ya wanawake, huchukua udongo mweupe na mwekundu mtoni na masizi jikoni, na mvua ikifuta wanapaka tena. Nikamuuliza kama mvua hunyesha sana. Akasema huku kwao hunyesha karibu kila siku alasiri, na akalitamka hilo kwa fahari, kana kwamba mvua yenyewe ni ya baba yake.

Nyumba ya dada ilikuwa ya udongo pia, na paa la nyasi. Ilijengwa kwenye mteremko. Nyuma yake ardhi ilipanda ghafla, na huko juu kulikuwa na migomba ya baba mkwe wake, hata mtu akisimama migombani anaiona nyumba chini yake. Dada alinipokea kwa machozi na matusi ya kindugu, kwamba nimekonda, kwamba nimezeeka, kwamba nimekuja mikono mitupu. Kisha akanishika mkono akaniingiza ndani na kunigeuza nitazame nilikotoka, yaani upande wa ndani wa ukuta wa mbele.

Alikuwa amechora Mwanza. Si Mwanza ya posta na benki, bali Mwanza yetu ya mawe. Yale majabali makubwa yaliyopanda migongo ya majabali mengine, moja juu ya jingine, na lile la juu kabisa limekaa upande kama linateleza, na halitelezi miaka yote. Katikati ya mawe vijumba vya watu, chini yake ziwa, na karibu na maji nyumba yetu yenye mlango mwekundu. Mawe yalikuwa ya kijivu na waridi, yana uzito, unaona kabisa kwamba ukikaa juu yake utaungua makalio kwa jua. Nilimwonea wivu dada yangu, tena wivu mtamu, nikawa nacheka na huku machozi yananitoka.

Nikamuuliza rangi ya waridi ameipata wapi. Akasema ni unga wa jiwe la Tabaka, lile lenye wekundu. Baba mkwe wake alikuwa mchonga mawe tangu ujana, na mama mkwe alikuwa akizoa unga chini ya kibanda chake na kumletea kwa kikapu. Mzee aliuliza unga unakwenda wapi. Alipoambiwa mkaza mwanawe anachora mawe ya kwao yanavyosimama moja juu ya jingine bila mtu kuyapandisha, alicheka sana. Akasema amefanya kazi ya mawe maisha yake yote, na jiwe halipandi juu ya mwenzake. Mwanamke yule anatia chumvi. Watu wanaotoka mbali husema wanachotaka kwa sababu hakuna wa kwenda kuhakikisha.

"Ndiyo nikamchorea," dada akasema. "Nimemchorea yeye. Hakufika kwetu, basi nimemletea kwetu hapa. Na hatauona ukuta huu."

Nikauliza kwa nini, na mzee anakaa pale juu, hatua chache tu. Dada akanieleza. Kwa Wakisii kuna heshima wanayoiita chinsoni, na mimi nilielewa upesi kwa sababu hata sisi tuna neno soni. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Haingii kwa harusi, haingii kwa ugonjwa, hachungulii mlangoni. Dada alikuwa hajawahi kumpa mkono yule mzee. Walisalimiana kwa mbali, yeye ameinamisha kichwa, mzee ametazama pembeni. Nikamwambia basi mchoree nje. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mtoto nikimwaga uji. Akasema nje mvua ingelifuta siku ileile, na kazi ile ilimchukua kiangazi kizima.

Jumapili shemeji, akiona jinsi ninavyopenda kuta, alinipeleka Magwagwa, upande wa Nyamira, ambako rafiki yake alikuwa amefungua duka na kumwita mchoraji mpita njia ampakie ukuta mzima. Mchoraji alichora simba. Ni wazi hakuwahi kumwona simba, wala mtu aliyemwona. Mnyama yule alikuwa na uso wa mbwa wa nyumbani na manyoya yamemzunguka kama kola, na alikuwa anacheka. Nilicheka naye hadi mwenye duka akanuna. Shemeji akamtuliza kwa kusema kwamba mimi ni mtaalamu kutoka Tanzania. Mwenye duka akaniomba, kama ni mtaalamu, nimrekebishe simba wake. Nilikuwa na brashi mfukoni, siachi brashi nyumbani. Nikamtazama simba vizuri, nikasema hapana, bwana, huyu mwache. Sijaona simba mwenye raha kama yule tangu hapo, na nimechora simba wengi wenye hasira wanaofanana wote.

Jumanne nikaenda Tabaka peke yangu. Huko kuna vibanda vya wachongaji mlimani, unga mweupe umetanda kila mahali hata majani ya miti yamekuwa na mvi. Wanaume wanakata, wanawake wanasugua kwa maji, na watu wanaongea kutwa. Nikamkuta mzee kwenye kibanda chake. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye kofia ya pama iliyokuwa nyeusi zamani. Nikajitambulisha kwamba mimi ni ndugu wa mkaza mwanawe. Akanipa kigoda, akanipa ndizi, kisha akaendelea kuchonga kiboko bila kunitazama.

Nilikwenda na maneno yangu nimeyapanga, maana sikusahau koti la baba. Lakini ukikaa na mtu anayefanya kazi ya mikono vizuri, hasira inakosa mahali pa kukaa. Nikamtazama akiligeuza jiwe, akililowesha, akiliondolea huku na huku mpaka mgongo wa kiboko ukatokea wenyewe. Mwishowe akauliza, bado anatazama kiboko, kama ni kweli kwetu mawe yanapandana. Nikasema ni kweli. Akauliza nani aliyapandisha. Nikasema hakuna anayejua, tuliyakuta. Akatikisa kichwa. Akasema mimi na dada yangu tumetoka tumbo moja.

Nikaona sasa ndiyo nafasi. Nikamwambia angekuja siku ile ya mahari angeyaona kwa macho yake, na baba yetu alimngoja kutwa. Panga likasimama. Akakiweka kiboko chini, akaniambia kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba kaka yake mkubwa alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani, upande ule wa kwetu, na hakurudi. Mama yao alikaa njiani kumngoja mpaka akafa. Yeye alikuwa amemwapia mama huyo kwamba nchi ile haitauona mguu wake. Alimwogopa mama yake hata akiwa kaburini. Hakudharau mtu.

"Lakini hiyo sikusema kwa mtu," akasema. "Nilituma salamu tu. Salamu haitoshi."

Nilipomweleza dada usiku huo maneno ya mzee, aliingia jikoni. Akatoka macho mekundu, akasema ni moshi. Hapakuwa na moto.

Sasa nije kwenye paa. Shemeji alikuwa ameamua kutoa nyasi na kuezeka mabati, maana miaka ile kila aliyeweza alitaka mabati, yawake juani hadi ng'ambo ya bonde wajue. Fundi akapanga kazi Ijumaa. Watu wote wa boma lile ni Wasabato, ambao siku yao ya kupumzika huanza Ijumaa jua likizama, na fundi pia ni Msabato. Mtu mwingine yeyote duniani angeanza Jumapili akawa na wiki nzima mbele yake. Wao walianza Ijumaa, kwa sababu fundi aliapa kwamba hadi saa nane mchana mabati yatakuwa juu, na Sabato ataimaliza chini ya paa jipya akinywa maziwa lala ya shukrani.

Asubuhi majirani walikuja wakang'oa nyasi, wakashusha mbao kuukuu, wakapandisha mpya, kazi inakwenda kwa nyimbo. Saa sita nyumba ilikuwa wazi juu kama sanduku lisilo na kifuniko. Lori la mabati halikuja. Saa nane halikuja. Lilikuwa limezama kwenye tope la kilima, nalo likafika linanguruma wakati jua linagusa ukingo. Fundi alilitazama jua, akaitazama nyundo, akaitia nyundo mfukoni. Basi. Nikasema jamani, tuwashe taa tupigilie, nitasaidia. Wakanitazama. Nikasema basi tuyalaze tu juu bila misumari. Shemeji akasema kubeba nako ni kazi, na akaanza wimbo wa kuikaribisha Sabato, na wote wakaimba, na mabati yakabaki yamelala kwenye nyasi kama wagonjwa.

Dada yangu hakuimba. Wakati jua likiwa bado limebakiza kipande, tulikata majani, mgomba baada ya mgomba, yeye na mimi na mama mkwe, tukaufunika ukuta kwa majani na mikeka na kuvisimamisha kwa fito. Shemeji alimwambia asiwe na hofu, ukuta unaweza kupakwa tena. Alisema kwa upendo, lakini lilikuwa neno la mtu ambaye hajawahi kupaka ukuta. Tukalala kwa mama mkwe. Usiku huo haikunyesha.

Sabato tukaenda kanisani, tukarudi, tukala ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu iliyopikwa tangu jana. Baada ya chakula wingu likaanza kujikusanya upande wa ziwa, jeusi, halina haraka. Tulikuwa uani, dada analitazama wingu na kuitazama nyumba, anaitazama nyumba na kulitazama wingu.

Hapo ndipo mama mkwe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, alipomwambia mumewe kwa Kikisii jambo refu. Shemeji alinitafsiria kwa kunong'ona. Alikuwa anasema kwamba Sabato ni siku ya kutembea na kutazama kazi za Mungu. Kwamba nyumba isiyo na paa si nyumba, ni kuta nne zimesimama shambani. Kwamba yeye hamwambii mtu aingie popote, ila migomba ya juu ni ya mzee mwenyewe, na mtu akisimama kwenye migomba yake hajamkosea mtu. Na kama macho yake yataanguka chini, macho hayana miguu. Mzee akasema ni utundu. Mkewe akamjibu kwamba ameishi naye miaka mingi na hajamwona akiogopa ukuta.

Mzee akavaa kofia, akachukua fimbo, akapanda. Alipanda polepole kupitia migombani na akatokea pale juu, nyuma ya nyumba, amesimama ubavu, uso ameupa bonde. Hakutazama chini. Alikuwa anangoja.

Dada akaingia ndani ya zile kuta, nami nikamfuata. Majani ya migomba yalikuwa yamesimama imara, ukuta uko salama chini yake. Ngurumo ikasikika mbali. Nikamwambia dada, kama mtu mwenye akili timamu, kwamba mvua haiko mbali, akifunua sasa hatawahi kufunika tena. Amngoje mzee siku nyingine.

"Siku nyingine kutakuwa na paa," akasema.

Nikamwambia basi nifunue mimi, maana mimi si Msabato na dhambi yangu ni nyepesi. Akakataa. Akang'oa fito ya kwanza mwenyewe, akang'oa ya pili, akavuta mikeka, na majani yakaanguka yote kwa pamoja miguuni petu. Mawe yakatokea. Ndani ya nyumba, kwa mwanga wa mlango, yalikuwa mazuri. Chini ya mbingu ile iliyokuwa imeshaanza kuwa nyeusi, na jua la pembeni likipiga chini ya wingu, yalikuwa mawe kweli. Dada akasogea kando ya ukuta, akainamisha kichwa kama heshima inavyotaka.

Mzee akageuka. Akasimama na fimbo yake akitazama chini kwenye nyumba ya mwanawe. Nilikuwa naliona jicho lake likienda kutoka jiwe hadi jiwe, linapima uzito, linatafuta linapoegemea, kama nilivyomwona akitazama kiboko.

Akauliza kutoka juu, hakumwita kwa jina, akauliza hewani: "Hiyo ya juu kabisa, haianguki?"

"Haijaanguka, baba," dada akasema, macho chini. "Tangu babu zetu."

Tone la kwanza likanipiga kichwani. La pili likapiga ukuta, likaacha mstari wa waridi hadi chini. Dada hakuinua mkeka. Tone jingine, na jingine.

"Na nyumba ya baba yako ni gani?"

Dada akainua mkono, akaweka kidole kwenye mlango mwekundu karibu na maji. Mzee akainama kidogo pale ukingoni ili aone vizuri. Kisha akaegemeza fimbo kwenye mgomba, akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili, na mvua ikawa inampiga kichwa cheupe. Hakusema na dada, wala hakusema na mimi. Alisema na ule mlango.

"Mkwe yangu," akasema, "nimechelewa kukuja. Nimefika."

Mvua ikazidi, na rangi ya waridi ikaanza kuteremka kwenye mlango mwekundu. Dada alinigeukia, midomo imekaza, analia waziwazi, akanisukuma begani. Ndipo nikaelewa kwamba mkwe akifika, hodi yake huitikiwa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba ile ya mlango mwekundu, baba akiwa hayupo, sasa nilikuwa mimi. Nikajisogeza mbele ya ukuta, maji yananitiririka machoni. Nikamtazama mzee kule juu, nikamjibu kwa sauti ambayo ingemfurahisha baba yangu.

"Karibu, mkwe. Tulikuwa tunakungoja."